Zhang Zhongjing, tabibu aliyelisha wagonjwa

Zhang Zhongjing alikuwa tabibu wa China katika karne ya 2 na ya 3. Ndani ya miaka isiyofika 10, maradhi yaliua theluthi mbili ya ukoo wake, wengi kwa homa. Ndipo akaandika kitabu cha kutibu homa, kinachosomwa hadi leo. Inasimuliwa kuwa aliwakuta maskini wenye njaa, masikio yao yameharibiwa na baridi, akawapikia vifuko vya unga vyenye nyama ya kondoo na dawa.

Mzazi wa Lushoto, baridi ya Julai ikibana, vipike kwa mvuke na wanao: kabichi, karoti, nyama ya kusaga. Wanawe mikono kwanza, nyama iive kabisa, na sufuria ifunue mwenyewe, mvuke huunguza.