Teresa wa Avila na Mawazo Yasiyotulia

Wengi wetu tupigapo magoti kusali kimya, mwili huwa kanisani lakini mawazo yamekwisha kwenda shambani, sokoni, au kwenye ada ya watoto ambayo haijalipwa. Basi twajiambia kwamba kutafakari ni kazi ya watakatifu, si yetu. Kwa sababu hiyo twapenda kusimulia habari za mtakatifu mmoja aliyesumbuliwa na jambo hili hili karibu miaka ishirini. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila tarehe 15 Oktoba.

Teresa alizaliwa Hispania tarehe 28 Machi 1515, akakulia katika mji wa Avila, mji uliozungukwa na ukuta wa mawe. Utotoni alipenda mno kusoma hadithi za mashujaa wapanda farasi, akimficha baba yake ambaye hakuvipenda vitabu hivyo. Mwaka 1535 alitoka nyumbani asubuhi na mapema, bila ruhusa ya baba, akaingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli.

Haukupita muda mrefu akaugua sana. Akiwa njiani kwenda kutibiwa, ami yake mmoja alimpa kitabu cha Francisco de Osuna, Mfransisko, kifundishacho jinsi ya kuyakusanya mawazo na kumtafuta Mungu moyoni. Matibabu yenyewe yalimzidishia ugonjwa. Agosti 1539 alizimia siku nne. Kaburi likachimbwa, na alipozinduka alikuta nta ya mishumaa machoni pake. Akakaa karibu miaka mitatu bila kuweza kutembea.

Alipopata nafuu alijaribu kusali kama kitabu kile kilivyofundisha, nayo mawazo yakakataa kabisa. Ameandika mwenyewe, bila kuona haya, kwamba kwa miaka kadhaa alipokuwa katika sala alisikilizia saa igonge ili aondoke, na kwamba adhabu yoyote nzito angeipokea kwa moyo mwepesi kuliko kuingia katika sala. Kwa muda wa miaka kumi na minane hakuthubutu kuanza sala bila kitabu mkononi, isipokuwa mara baada ya kupokea Ushirika Mtakatifu. Kitabu kilikuwa ngao yake. Mara nyingi hakukisoma. Kukifungua tu kulitosha, mawazo yakarudi.

Wakati mmoja aliacha sala ya kimya kabisa, zaidi ya mwaka mzima. Alidhani ni unyenyekevu: mwenye dhambi kama yeye amsumbue Mungu kwa nini? Padri aliyemwungamisha ndiye aliyemrudisha. Baadaye Teresa alihesabu kuacha huko kuwa jaribu baya kuliko yote aliyoyapata. Twaomba msomaji aliangalie jambo hili vizuri, maana mawazo kutangatanga hakulihesabu hivyo.

Basi alifanyaje? Kila usiku kabla ya kulala alimfikiri Bwana Yesu katika bustani ya Gethsemane, akakaa karibu naye. Aliposhindwa kuwaza, alitazama mashamba, maji na maua, vikamkumbusha Muumba wake. Watawa wake aliwafundisha kusali Sala ya Bwana taratibu, wakijua wanasema na nani. Na mawazo yakikimbia, yasikimbizwe kwa fimbo, bali yarudishwe kwa upole. Sisi tuliofundisha watoto wadogo twalielewa hili: mtoto anayetazama nje ya dirisha ukimpigia kelele, darasa zima litatazama nje pamoja naye.

Mwaka 1554, akiwa na miaka 39, aliona sanamu ya Kristo mwenye majeraha, akaanguka mbele yake akilia. Tangu hapo sala yake ilipata kina kipya. Alipokuja kuandika habari za maisha yake alifananisha sala na kumwagilia bustani: kwanza kwa kuteka kisimani ndoo kwa ndoo, kisha kwa gurudumu la kuvutia maji, kisha kwa mfereji wa mto, mwisho kwa mvua ambayo mtunza bustani haichoshi mikono yake. Ndoo ameieleza kwa kirefu, naye alikuwa ameishika miaka mingi.

Hata hivyo mawazo hayakufa. Aliyafananisha na nondo wa usiku, wasumbufu lakini wasiodhuru. Mwaka 1577, alipokuwa akiandika kitabu chake kikubwa juu ya ngome ya rohoni, kichwa chake kilivuma kama mito mingi na milio ya ndege. Akaeleza humo kwamba mawazo yanayorukaruka ni jambo moja, na kilindi cha roho ni jambo jingine. Kinu kiachwe kipige kelele zake, sisi tuendelee kusaga unga.

Tarehe 24 Agosti 1562 alikuwa amefungua nyumba ndogo ya Mtakatifu Yosefu pale Avila, ya kwanza kati ya nyumba nyingi alizoanzisha. Katika kanuni zake aliweka saa moja ya sala ya kimya asubuhi na nyingine jioni. Alifariki Alba de Tormes tarehe 4 Oktoba 1582, usiku ule kalenda ilipobadilishwa. Kesho yake ikahesabiwa kuwa tarehe 15.