Alfred Russel Wallace, jina la pili katika elimu ya mageuko ya viumbe

Mtu akitaja mageuko ya viumbe, jina linalotoka kwanza ni Charles Darwin. Mwingereza mwingine, Alfred Russel Wallace, alifikia wazo lile lile kivyake.

Alizaliwa Wales tarehe 8 mwezi wa kwanza 1823. Jamaa yake ilikosa feza, akaacha masomo angali kijana, akawa mpima mashamba pamoja na kaka yake. Mwaka wa 1848 alikwenda Brazili kukusanya ndege na wadudu wa kuuza. Mdogo wake Herbert alimfuata huko, homa ya manjano ikamuua. Wakati wa kurudi, 1852, meli iliwaka moto katikati ya Atlantiki. Wallace alikaa siku kumi katika mashua, na karibu mkusanyo wake wote uliteketea.

Mwingine angebaki nyumbani. Yeye mwaka wa 1854 alielekea visiwa vya Malay, leo Indonesia na Malaysia, akakaa huko miaka minane akisaidiwa na kijana wa Sarawak aitwaye Ali, ambaye wengi wanamsahau. Wallace alirudi na viumbe zaidi ya 125,000.

Jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa Bali na Lombok. Visiwa hivyo vinaonana, hali ya hewa ni karibu moja. Lakini Bali aliona gogota wa Asia, na Lombok aliona kasuku weupe wenye kishungi, ndugu za wale wa Australia. Kama kila ndege angewekwa mahali kwa kufuata hali ya hewa tu, visiwa vyote viwili vingekuwa na ndege wale wale. Wallace alielewa kwamba mababu zao walitoka pande mbili, na bahari yenye kina kirefu ikawatenganisha. Mpaka huo unaitwa Mstari wa Wallace hadi leo.

Mwezi wa pili 1858, akiwa na homa, alipata jibu la pili: wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi, na wenye tofauti ndogo zinazowafaa ndio wanaobaki na kuzirithisha. Alimwandikia Darwin, ambaye alikuwa na wazo hilo kwa karibu miaka 20 bila kulichapisha. Tarehe 1 mwezi wa saba maandishi ya wote wawili yalisomwa London, Wallace akiwa New Guinea, bila hata kuulizwa. Hakulalamika, labda kupita kiasi.

Uzeeni alikosa feza tena. Mwaka wa 1881 Darwin alimsaidia kupata pensheni ya serikali. Alikufa tarehe 7 mwezi wa kumi na moja 1913, akiwa na miaka 90. Juu ya kaburi lake, Broadstone, limesimama shina la mti wa zamani sana lililogeuka jiwe.