Leonhard Euler na Madaraja Saba

 

Jumamosi iliyopita, katika darasa la wakubwa, tulifungua kompyuta tukatumia programu ya hisabati iitwayo SageMath. Kila mtoto aliandika majina ya watu wa ukoo wake, akaonyesha nani humpigia nani simu. Programu ikachora nukta kwa kila mtu na mstari kwa kila wawili wanaopigiana. Tulipoiambia ichore tena, nukta zikahama. Bibi wa Tanga aliyekuwa juu akashuka chini, na mjomba wa Dubai akarukia upande wa pili. Binti mmoja akauliza mchoro upi ndio wa kweli. Nikamjibu kwamba yote miwili ni ya kweli, kwa sababu hakuna mstari uliokatika.

Mchoro wa namna hii wanahisabati huuita grafu. Sisi wauguzi tukisikia grafu tunafikiria chati ya joto la mgonjwa, lakini hii ni nyingine: ni nukta na mistari inayoziunganisha, basi. Elimu hii ilianza na mtu mmoja, na mwezi huu nawasimulia maisha yake. Jina lake ni Leonhard Euler, hutamkwa Oila.

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa, na mama yake, Marguerite Brucker, alikuwa binti wa mchungaji. Alikulia Riehen, karibu na Basel. Baba aliwahi kusoma hisabati kidogo chuoni, akamfundisha mwanawe nyumbani, ila nia yake ilikuwa mtoto afuate kazi ya kanisa.

Akiwa na miaka 13 aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Pale alikuwapo Johann Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya. Euler alimwomba amfundishe peke yake. Mwalimu alikataa kwa kuwa alikuwa na shughuli nyingi, lakini alimwelekeza vitabu vigumu avisome mwenyewe, akamruhusu kwenda kwake kila Jumamosi alasiri kuuliza pale alipokwama. Kijana alijitahidi wiki nzima ili asimsumbue mwalimu kwa maswali mengi, na jibu moja la mwalimu mara nyingi lilimwondolea matatizo mengine kumi. Kuna wazazi huniuliza kama saa mbili za Jumamosi zinatosha. Kwa Euler zilitosha, kwa sababu Jumamosi ilikuwa ya kuuliza tu. Kusoma kulifanyika siku zile nyingine. Hatimaye Bernoulli mwenyewe alimshawishi baba amwachie kijana hisabati.

Mwaka 1727, akiwa na miaka 20, aliingia kwenye shindano la Akademia ya Paris. Swali lilikuwa namna bora ya kuweka milingoti ya meli. Kijana wa nchi isiyo na bahari alishika nafasi ya pili, na miaka ya baadaye aliishinda tuzo ya Akademia hiyo mara kadhaa. Mwaka huohuo aliondoka Basel kwenda St. Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi. Nafasi aliyoitiwa kwanza ilikuwa ya elimu ya mwili wa binadamu, na alikuwa amejisomea utabibu kidogo kujiandaa, lakini alipofika aliwekwa upande wa hisabati. Hakurudi tena kuishi kwao. Zaidi ya miaka 50 alikaa ugenini, akaandika Kilatini, Kifaransa na Kijerumani, na bado waliomjua walisema lafudhi ya Basel haikumtoka kinywani mpaka uzeeni. Watoto, mnaochekwa kwa lafudhi zenu, kumbukeni hilo.

Mwaka 1733 alipewa uprofesa wa hisabati, na Januari 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi mjini humo. Walijaliwa watoto 13. Wanane walifariki wakiwa wadogo. Mimi nimewahi kusimama na wazazi waliofiwa na mmoja tu, kwa hiyo namba hiyo siisomi haraka.

Mwaka 1735 Euler alishikwa na homa kali, nusura afe. Mwaka 1738 jicho lake la kulia likaharibika, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Mwenyewe alilaumu kazi ngumu ya kuchora ramani za Urusi. Mimi kama muuguzi ningeuliza zaidi kuhusu ile homa.

Ni mwaka 1735 pia alipowasomea wenzake wa Akademia kazi yake juu ya madaraja ya Königsberg. Mji huo ulikuwa wa Prussia. Leo uko Urusi na huitwa Kaliningrad. Mto Pregel uliugawa mji sehemu nne, mojawapo ikiwa kisiwa katikati, na madaraja saba yaliziunganisha. Matano kati ya hayo yalifika kisiwani. Kila moja ya sehemu nyingine tatu ilikuwa na madaraja matatu. Watu wa mji walikuwa na fumbo: je, mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja, asirudie hata moja? Waliojaribu walishindwa, lakini hakuna aliyejua kama ni kwa sababu haiwezekani au kwa sababu hawajapata njia.

Katika barua moja Euler aliandika kwamba fumbo hilo halikuwa na uhusiano mkubwa na hisabati, na kwamba lilihitaji akili ya kufikiri tu. Hata hivyo alilifanyia kazi, na sasa sikilizeni alivyofanya. Hakupima urefu wa daraja hata moja. Kisiwa alikiita A, na sehemu nyingine akaziita B, C na D. Safari akaiandika kama neno: ukitoka A kwenda B unaandika AB, ukiendelea hadi D unaandika ABD. Ukivuka madaraja saba, neno lako litakuwa na herufi 8.

Sasa tuhesabu. B ina madaraja matatu. Ukianzia kwingine, utaingia B, utatoka, kisha utaingia tena: B inaandikwa mara mbili. Ukianzia B, utatoka, utaingia, utatoka: tena mara mbili. Vivyo hivyo C na D. Kisiwa A chenye madaraja matano lazima kiandikwe mara tatu. Tatu, na mbili, na mbili, na mbili, ni 9. Neno lina nafasi 8 tu. Kwa hiyo safari hiyo haiwezekani, hata ukitembea maisha yako yote.

Kutoka hapo alitoa kanuni kwa mji wowote. Tazama ni sehemu ngapi zina madaraja ya idadi ya witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea. Zikizidi mbili, haiwezekani. Zikiwa mbili, anzia kwenye mojawapo na utamalizia kwenye nyingine. Isipokuwapo hata moja, anzia popote.

Mnaweza kudhani alichora nukta na mistari kama sisi. Hapana. Katika kazi yake mna ramani za mto na madaraja, na herufi zake, basi. Jina la grafu lilikuja mwaka 1878 kwa mwanahisabati Mwingereza James Joseph Sylvester, na mchoro wa Königsberg wa nukta nne na mistari saba ulichapishwa mwaka 1892, zaidi ya miaka 100 baada ya Euler kufariki. Yeye alikwisha kuuona kichwani kabla mtu hajauchora.

Mwaka 1741 alihamia Berlin kwa wito wa Mfalme Frederick wa Pili, akakaa huko miaka 25. Aliandika vitabu vikubwa, na zaidi ya barua 200 za kumfundisha sayansi binti mmoja wa ukoo wa kifalme kwa lugha nyepesi. Huko ndiko alikotambua jambo lingine la nukta na mistari. Chukueni boksi la chaki. Hesabuni pembe: 8. Toeni kingo: 12. Jumlisheni nyuso: 6. Jibu ni 2. Fanyeni hivyo kwa piramidi ya Misri, jibu litakuwa 2 tena.

Pamoja na hayo, mfalme hakumpenda. Alitaka watu wa maneno matamu mezani, na Euler alikuwa mtu wa ibada na familia. Katika barua zake mfalme alimdhihaki kwa jicho lake moja, akimlinganisha na zimwi la hadithi za Kigiriki. Mwaka 1766 Euler alirudi St. Petersburg, ambako Malkia Catherine wa Pili alimpokea kwa heshima.

Hapo mtihani mkubwa ukamfika. Jicho la kushoto, lile lililobaki, liliota mtoto wa jicho, na punde akawa karibu kipofu. Mwaka 1771 nyumba yake iliungua, na aliyeingia motoni kumtoa alikuwa fundi mmoja mtu wa kwao Basel. Mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji. Akaona tena, lakini kwa muda mfupi. Jicho likapata maambukizi, maumivu yakawa makali, na giza likarudi. Leo mgonjwa wa mtoto wa jicho kwa kawaida hurudi nyumbani siku ileile akiwa na dawa ya matone, nasi humsisitizia asikose hata tone moja. Sababu ni hiyohiyo iliyomponza Euler: maambukizi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Euler alikuwa amekwisha kuanza kutunga kitabu cha aljebra kwa mdomo, akiandikiwa na kijana aliyejifunza ushonaji na asiyejua hisabati, na inasemekana kijana huyo aliielewa kadiri alivyoandika. Mwanawe Johann Albrecht na wanafunzi wake walimsomea na kumwandikia. Hesabu ndefu alizifanya kichwani. Karibu nusu ya kazi zake zote, ambazo kwa jumla zinapita 850, zilitoka katika miaka hiyo ya giza.

Tarehe 18 Septemba 1783, baada ya kuzungumza na mwenzake Lexell juu ya njia ya sayari mpya Uranus, alipata kiharusi, akafariki usiku huo. Alikuwa na miaka 76. Akademia iliendelea kuchapisha maandishi aliyoyaacha kwa miongo mingi.

Wazee wetu wengi wenye kisukari huniambia kwamba macho yakienda, na wao wamekwenda. Nawaomba wajukuu wawasomee habari hii. Na nyinyi watoto, mkirudi kwenye ile programu, mtakuta amri yenye jina lake: unaiuliza kama grafu ni ya Euler, nayo hujibu ndiyo au hapana kwa kufumba na kufumbua. Haikuambii kwa nini. Hilo la kwa nini lilitoka kwa mtu aliyepanga herufi nne, na wewe unaweza kulifanya kwa penseli.

Zoezi la nyumbani: choreni bahasha iliyofunguliwa, yaani mraba wenye mistari miwili inayokatizana ndani kutoka pembe hadi pembe, na paa la pembetatu juu yake. Je, mnaweza kuichora bila kuinua penseli na bila kurudia mstari? Msijaribu kwanza. Hesabuni mistari kwenye kila pembe, mniambie pa kuanzia. Majibu nayasubiri Jumamosi.