Marie Curie: mama wa radiamu ambaye mifupa yake ilishindwa kutengeneza damu

Wachimbaji wa dhahabu wa Manguredjipa, wilayani Lubero, wanajua maana ya kuponda mawe mengi ili kupata gramu chache. Kazi inayofanana na hiyo ndiyo iliyompa Marie Curie jina duniani, tena huenda ilichangia kumharibia damu.

Alizaliwa Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba 1867. Chuo kikuu cha mji huo hakikupokea wanawake. Kwa hiyo alifundisha watoto katika nyumba za matajiri ili dada yake asomee udaktari Paris, na mwaka 1891 naye akamfuata. Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwalimu wa fizikia.

Mwaka 1898 wawili hao walitangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Ili kuthibitisha, Marie alichemsha tani za mawe kutoka Bohemia katika banda lililovuja, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma. Kufikia 1902 alikuwa na sehemu moja tu ya kumi ya gramu. Alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1903, pamoja na mumewe na Henri Becquerel. Pierre aligongwa na gari la farasi mwaka 1906, akafa. Marie aliendelea peke yake, akapata Nobel ya kemia mwaka 1911.

Baadaye Kongo nayo iliingia katika habari hii. Kuanzia 1922, mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yalisafishwa Oolen, Ubelgiji, na bei ya radiamu ikashuka. Hospitali ziliitumia kutibu kansa.

Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, Marie na binti yake Irène walipeleka mashine za eksirei karibu na uwanja wa mapigano ili kutafuta risasi katika miili ya askari. Hawakuwa na kinga ya kutosha. Miale haionekani wala haina harufu, lakini inafika ndani ya mfupa.

Humo ndani mna uboho, kiwanda cha damu. Kwa mtu mzima, kiwanda hicho kiko hasa katika nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kifua. Seli mama za uboho huzaa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe sahani zinazogandisha damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uboho hutengeneza karibu bilioni 200 mpya kila siku. Malaria ikiziharibu, uboho wenye afya hujitahidi kuzirudisha. Lakini miale ikiua seli mama, hakuna wa kuzirudisha.

Ndivyo ilivyomfikia Marie. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 huko Passy, Ufaransa, akiwa na miaka 66. Madaktari waliona kwamba uboho wake umeshindwa kutengeneza damu, huenda kwa sababu ya miale ya miaka mingi. Irène alifariki mwaka 1956 kwa kansa ya damu.

Leo anayefanya kazi ya eksirei husimama nyuma ya kinga ya risasi na hubeba kifaa kinachopima miale iliyomfikia. Madaftari ya Marie bado yana miale, na yanatunzwa Paris ndani ya masanduku ya risasi.