Martin Kayamba: Karani wa Tanga aliyevikwa nishani ya Mfalme

MTUMISHI wa serikali anayepangiwa kituo cha kazi Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, huweza kufika akiwa na barua ya uhamisho mkononi na manung'uniko moyoni. Hata hivyo, anayo haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi kitakachomsemea. Ni wachache wanaokumbuka kwamba makarani Waafrika wa Tanganyika walijiundia chama chao tangu mwaka 1922, tena mjini Tanga, na kwamba kiongozi wao alikuwa mtu ambaye baadaye alivikwa nishani ya Mfalme wa Uingereza. Jina lake ni Hugh Martin Thackeray Kayamba.

Kayamba, Mbondei kwa kabila, alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, Zanzibar, katika familia ya wanamisheni. Baba yake alikuwa mwalimu aliyepata kusoma Uingereza, jambo la nadra mno kwa Mwafrika wa karne ya 19. Kijana Martin alisoma Kiungani, shule maarufu ya misheni ya UMCA, kisha akazunguka Kenya na Uganda akitafuta riziki kwa kalamu. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta upande wa Wajerumani. Hao walimshuku kwa uhusiano wake na Waingereza, wakamfunga, na hakupata uhuru wake hadi majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji wa Tabora mwaka 1916.

Mwaka uliofuata aliingia katika utumishi wa Waingereza mjini Tanga. Alipanda ngazi hadi akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya, na chini yake ofisi hiyo ikaendeshwa na makarani Waafrika watupu. Hilo halikuwa jambo dogo. Wakati huo kazi za ukarani wa juu zilishikwa zaidi na Wahindi, na Mwafrika aliyefanya kazi ileile alilipwa pungufu.

Katika mazingira hayo ndipo ulipozaliwa umoja wa watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika, Kayamba akiwa rais wake. Kwa macho ya leo ulikuwa chama cha kiungwana mno: klabu, magazeti ya kusoma, masomo ya jioni, kandanda. Lakini Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara, walikaa humo meza moja, wakizungumzia hali zao kama Waafrika. Baadhi ya makarani wa kizazi hicho ndio walioshiriki kuunda African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929, chama kilichokuja kuitwa TAA na hatimaye, mwaka 1954, kuwa TANU.

Mwaka 1931 serikali ilimpeleka London, pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Suala lilikuwa kama Tanganyika iunganishwe na Kenya na Uganda. Mashahidi hao hawakuutaka muungano huo. Walihofia nchi kuangukia mikononi mwa walowezi wa Kenya. Safari hiyo Kayamba aliiandikia kitabu cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Aliporejea alihamishiwa makao makuu ya serikali, Dar es Salaam, akapewa wadhifa ambao hakuna Mwafrika mwingine wa Tanganyika aliyekuwa ameufikia katika utumishi wa serikali.

Simulizi ya maisha yake ilipochapishwa mwaka 1936 katika kitabu alichokihariri Margery Perham, jina lake lilifuatwa na herufi tatu: MBE.

Hapa wakusanyaji wa nishani za kale wana la kutufundisha. Waingereza walikuwa na medali nyingine kwa watumishi wa ngazi za chini waliotumika miaka mingi, Imperial Service Medal, iliyoanzishwa mwaka 1902. Hiyo huchongwa jina la mwenyewe ukingoni, na anayeinunua karne moja baadaye anajua ilikuwa ya nani. MBE, iliyoanzishwa mwaka 1917, ni msalaba wa fedha usio na jina. Ya enzi za Kayamba ilikuwa na utepe wa zambarau. Rangi ilibadilishwa mwaka 1937. Msalaba huo ukitengana na hati yake, hata mkusanyaji hodari hawezi kusema ulikuwa wa nani. Kwa hiyo familia zenye vitu vya babu kabatini zingefanya vyema kutunza na karatasi zake.

Wapo waliomwona Kayamba kuwa karibu mno na watawala, na si bure: hakuwa mwanaharakati, na hakuwahi kudai uhuru. Lakini haikuwa rahisi kwa karani wa miaka ya 1920 kukusanya wenzake na kuweka madai mezani kwa mwajiri ambaye ndiye pia mtawala.

Alistaafu mwaka 1938 baada ya miaka 21 ya utumishi, na hakuishi sana baada ya hapo. Kitabu chake cha mwisho, African Problems, kilitoka mwaka 1948 yeye akiwa ameshafariki. Ndani yake karani huyo aliyeishi kwa kalamu ya Kizungu anaonyesha mashaka makubwa juu ya Mwafrika kuiga Uzungu.