Daktari Muthulakshmi Reddy: Msiba Uliozaa Hospitali

Muthulakshmi Reddy alizaliwa mwaka 1886 huko Pudukkottai, kusini mwa India, zama ambazo msichana kuingia chuo lilikuwa jambo la ajabu. Mwaka 1912 alihitimu udaktari mjini Madras. Mwaka 1927 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Madras, akapinga desturi ya kuwaweka wasichana wakfu mahekaluni, ambayo mama yake mwenyewe alizaliwa ndani yake. Sheria ya kuikomesha ilipitishwa mwaka 1947.

Hata hivyo, jeraha lililokaa moyoni mwake lilikuwa kifo cha mdogo wake wa kike kwa saratani. Wengi waliuhesabu ugonjwa huo kuwa hauna tiba, yeye hakukubali. Akishirikiana na Chama cha Wanawake wa India, alichangisha fedha miaka mingi, hata mwaka 1954 Taasisi ya Saratani ikafunguliwa Adyar, ikiwa na vitanda 12 tu, ili maskini naye atibiwe.

Alifariki mwaka 1968. Taasisi ingali inatibu. Katika maadhimisho haya, maisha yake yatukumbushe kwamba kumhudumia mgonjwa ni ibada.