John Heisman, antrenere aliyefundisha wachezaji kutoka pamoja

Katika mupira wa Marekani, ule wa kubeba mikononi, ekipe iko na watu 11. Wanasimama kimya, kisha wanaondoka wote mara moja wakati mupira unatoka chini. Mumoja akitangulia, ekipe inarudishwa nyuma kwa azabu. Akichelewa, adui anamupita na kuangusha mwenye mupira. Desturi ya kuondoka kwa sauti moja, wengi wanasema ilitoka kwa John Heisman.

Alizaliwa mwaka wa 1869 katika Cleveland. Alicheza kwenye chuo kikuu cha Brown, kisha Pennsylvania, pahali alisomea sheria. Wakati ule alama ilikuwa ya mukono: muchezaji wa nyuma aligusa muguu wa yule aliyeinama juu ya mupira. Inasimuliwa kwamba adui mumoja alinyoosha mukono akagusa muguu ule, mupira ukatoka na hakuna aliyekuwa tayari. Ndipo Heisman akaleta neno fupi la kuita: hep. Adui naye anasikia, ni kweli, lakini hajui ni mwito wa ngapi utatoa mupira. Kile kipande cha sekunde ndicho faida yote.

Alianza kufundisha mwaka wa 1892. Toka 1904 mpaka 1919 alikuwa Georgia Tech, katika Atlanta. Wakati wa likizo alicheza teatro, na sauti ya jukwaani aliileta kiwanjani. Alipigania pia ruhusa ya kurusha mupira mbele, juu vijana walikuwa wanakufa katika misukumano. Ikakubaliwa mwaka wa 1906.

Lakini hakuwa mutakatifu. Tarehe 7 Oktoba 1916 ekipe yake ilipiga Cumberland 222 kwa 0. Cumberland ilikuwa imekwisha kuacha mupira, lakini ilipaswa kuja ama kulipa dola 3.000. Nusu ya kwanza ilikuwa tayari 126 kwa 0. Kuendelea kufunga watu waliokwisha kushindwa, hiyo ni vigumu kusifu.

Alipoachana na bibi yake, walipatana kwamba bibi atachagua muji, na Heisman hataishi hapo. Bibi akachagua Atlanta. Heisman akaondoka, akafundisha kwingine mpaka 1927.

Alikufa New York tarehe 3 Oktoba 1936. Mwaka uleule, klabu alikofanyia kazi ikatia jina lake kwenye zawadi ya muchezaji bora wa vyuo vikuu, ambayo inatolewa mpaka leo.